Wameinyima Chachu Yangu Unga

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa mpika pombe! Mimi! Tena nyumbani kwa binti yangu wa kumzaa. Mume wake — namwita Mkaguzi, maana kazini anakagua majengo ya watu na nyumbani anakagua vitu vya watu — kafungua kabati la jikoni, kanusa chupa yangu ya chachu, karuka nyuma kama kaona nyoka. Eti inanuka kilabu. Nikamuuliza harufu ya kilabu kaijulia wapi, mtu mwema kama yeye. Akalibamiza kabati. Chachu ile nilitoka nayo kiwanda cha mikate siku walipokifunga. Wenzangu walipewa saa za ukutani, mimi nikajichukulia hiyo. Na mkate wake ndio huyo bwana anaoubugia kila asubuhi mpaka analegeza mkanda!

Jumanne, 5 Machi

Binti ni mwalimu wa baiolojia. Nikamwita awe shahidi, nikijua nimeshinda. Loo! Kaanza kufundisha. Kwamba chachu ni seli tupu, zina uhai, na kila moja inakula sukari iliyomo kwenye unga, inaivunjavunja ipate nguvu. Ikipata hewa inaivunja mpaka mwisho, yanabaki maji na ile gesi tunayoitoa puani. Ikikosa hewa inaishia njiani, inaambulia nguvu kiduchu, na mabaki yake ni... Hapo akaanza kufuta meza. Mkaguzi akamwambia, malizia, mwalimu.

"Ni pombe, Baba. Kidogo tu, na kwenye oveni inaruka. Lakini ni pombe."

Nimemsomesha mwenyewe huyo! Na nani alikaza kifuniko? Si Mkaguzi, eti anazuia mende? Kaikaba roho, halafu analalamika inanuka!

Jumatano, 6 Machi

Hukumu imetoka. Haimwagwi, binti kakataa katakata. Ila unga wa nyumba hii hautaingia tena kwenye ile chupa. Mkaguzi kauhamishia chumbani kwao. Unga! Kama dhahabu! Yaani haui, anaiacha ife yenyewe, mikono yake ibaki safi. Binti anasema seli zikikosa chakula hazina cha kuvunja, nguvu zinaisha, zinakufa. Nikauliza baada ya muda gani. Inategemea joto, Baba. Akaangalia pembeni.

Nimeihamishia chumbani kwangu. Kifuniko nimetupa, nimeifunika kitambaa. Ipumue.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeilisha kiazi changu cha mchana, nimekiponda. Ikatoa mapovu mawili matatu, ikalala.

Mkaguzi kapandisha mtungi wa gesi ngazi zote, kafika anahema kama mbwa. Nikamuuliza binti, na seli za miguu ya huyu, hewa imezipungukia? Ndiyo, misuli ikitaka nguvu upesi kuliko hewa inavyofika, nayo inaishia njiani. Nikapiga makofi — kumbe naye anapika! Binti kacheka mpaka kakaa chini. Inatoa asidi, Baba, siyo pombe. Basi, hata raha hiyo nimenyimwa. Mkaguzi hakucheka. Alikuwa anatafuna mkate wa dukani kama anatafuna sifongo. Nusu kaiacha.

Jumamosi, 9 Machi

Jana sikuandika. Hasira. Chachu ilikuwa kimya, juu maji ya kijivu, inanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Leo natoka kunyolewa — mafuriko! Imepanda, imesukuma kitambaa, imeteremka mezani mpaka ndani ya kiatu changu. Imekula ikavimbiwa! Nani kaingia chumbani kwangu? Nani kaimwagia unga wote huu bila kipimo, kama anachanganya zege? Miaka yote hii hakuna mkono ulioilisha ila wangu! Binti hayupo, kaenda shuleni kusimamia mitihani tangu alfajiri.

Mkaguzi yuko mlangoni sasa hivi. Kakunja uso.

"Mzee, uchafu huu ni wa nani?"

Namtazama kiwiko. Cheupe pe kwa unga. Naandika taratibu kabisa, na yeye haondoki —