Mke Wangu Anailiza Injini Mteremkoni

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla nyumba yangu haijavunjika kwa sababu ya gia. Mimi ni seremala, mke wangu ni mkunga, tuna binti mmoja wa darasa la pili na pikipiki moja niliyoinunua kabla sijaoa, naijua kuliko ninavyojijua mwenyewe, mnyororo naupaka oili kila Jumapili na hakuna fundi anayeigusa nisipokuwepo. Sasa tatizo ni kwamba tunakaa chini ya mteremko mrefu, na wanaume wote wa mtaa huu tukifika juu tunaweka gia huru, mimi hata injini naizima kabisa ili ipumzike, maana imetoka kupanda upande wa pili, nayo ni chombo, inachoka, halafu nateremka kwa breki mpaka mlangoni, ndivyo marehemu baba alivyonifundisha.

Mke wangu yeye kafundishwa na kaka yake, shemeji yangu dereva wa lori, kwamba mteremkoni unarudi gia ya pili, unaachia mafuta, unaiacha injini ishike mwendo, basi akishuka nayo nasikia kilio nikiwa karakanani, vuuu mpaka chini, moyo unaniuma mimi, namwambia mama unaiua injini, breki zikilika zinanunuliwa, injini ikifa tumekwisha, anajibu kwamba na shingo je, inauzwa duka gani, majibu gani hayo kwa mume?

Mwezi uliopita nilikuwa namrudisha binti kutoka shuleni, mvua imenyesha, breki zikagoma katikati ya mteremko, tukaingia kwenye ua wa jirani, madigadi ikapinda, indiketa ya kushoto ikavunjika, na tangi likapata mkwaruzo ambao mpaka leo sijapata rangi ya kuufunika, ni bahati mbaya tu ya breki za siku hizi, lakini tangu hapo mke wangu hataki kushuka nami, tukifika juu anateremka yeye na mtoto, wanakuja kwa miguu na majirani wananitazama. Nikasema isiwe tabu, nikauficha ufunguo, asiyetaka kuendeshwa na asiendeshe, sasa anakwenda zahanati kwa miguu na amesema mwezi ukiisha atamchukua mtoto wahamie kwa dada yake. Yeye husoma safu yako, mimi hanisikii, mwambie: kushuka kwa gia kunaharibu pikipiki au hakuharibu?

Seremala aliyechoshwa

JIBU

Seremala, umechoka wewe? Na mimi niliyekusoma mpaka mwisho nisemeje?

Hakuharibu. Nilimpelekea fundi wangu swali lako, akacheka mpaka akaweka spana chini. Ukiachia mafuta huku gia imeshika, gurudumu ndilo linaloizungusha injini, na injini inalivuta gurudumu lipunguze mwendo. Imeundwa kuvumilia hilo. Kelele unayoisikia karakanani ni ya kazi, injini haiumwi. Kinachodhuru ni kutoka gia ya nne hadi ya kwanza kwa mkupuo ukiwa bado kasi, maana gurudumu la nyuma linaweza kuteleza, hasa penye maji. Rudisha gia moja moja, klachi uiachie polepole, na breki utumie pia.

Wewe unafanya nini? Unaizima injini, unazitwika breki chombo, watu wawili na mteremko mzima. Zikipata moto zinaacha kushika, na zikilowa ndiyo kabisa. Breki za siku hizi usizisingizie, ulizichosha mwenyewe. Marehemu baba namheshimu, lakini shemeji yako anashusha lori zima kwa gia na yuko hai. Mkeo hakukuaibisha pale juu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na kumficha mkunga ufunguo! Kuna mwanamke yuko kitandani anamsubiri, naye hajakukosea lolote.

Dada mkunga, kwa kuwa unasoma: mambo ya shingo na duka yaache. Mwambie mumeo waziwazi kwamba unaogopa, hata kama ilipasa aone mwenyewe. Kuhama ngoja kwanza.

Seremala, nimeirudia barua yako nikimtafuta mtoto aliyekuwa nyuma yako siku ile ya mvua. Madigadi nimeiona, indiketa nimeiona, tangi nalo nimelijua mpaka rangi yake. Mtoto hukusema hata kama aliumia.

Leo, kabla hujala, mrudishie mkeo ufunguo. Kesho peleka breki kwa fundi, na usisimame juu yake kumfundisha kazi. Kisha kaa chini na binti yako, umuulize siku ile ilikuwaje kwake, na akianza kusema usimkatize.