Nyuki Niliowahurumia

Mpendwa Mama Zunilda, nakuandikia kwenye ukurasa wako wa ushauri gazetini, naomba unisikilize maana hapa nyumbani hakuna wa kunisikiliza, mke wangu Hortensia alifariki miaka minne iliyopita na watoto wetu wanaishi Santiago, anayebisha hodi kwangu ni shemeji yangu Ercilia, dada yake Hortensia, peke yake, kila Jumapili huja na mkate wa kuoka majivuni tukanywa chai, na kila Oktoba tunakaa karibu na kichaka cha chilko chenye maua mekundu kumsubiri nyuki mkubwa wa porini, yule mwenye manyoya ya rangi ya chungwa, kwa sababu wazee wetu Wamapuche walisema wafu hurudi hivyo, na Ercilia akimwona tu husema, "Karibu ñaña, dada yangu, leo umechelewa," nami humcheka, lakini moyoni nasema karibu pia.

Sasa mama, nafanya kazi kwenye mabanda ya nyanya hapa Angol, tunatumia nyuki wa kununua kuchavusha maua, wenye makalio meupe, wanakuja ndani ya boksi, na msimu ukiisha msimamizi hutuambia, "Boksi friza siku mbili, kisha moto. Huruma zenu pelekeni kanisani!" Mimi mwaka juzi nilishindwa, nikabeba boksi moja likiwa bado linavuma nikaliweka chini ya chilko, kusema kweli nilitaka sauti nyumbani, na kila mwaka nikaongeza jingine. Kisha nikaanza kuwaona wale wa rangi ya chungwa wakitambaa chini, wengine mbawa zimejikunja, hawaruki, nikawafagia kabla Ercilia hajafika. Mwaka huu hakuja hata mmoja. Ercilia ananiambia, "Shemeji, ñaña amenikasirikia, ni ile shali yake niliyompa mpwa wetu," amekwenda kuidai, wamegombana, na siku hizi hata kula hali vizuri. Nikimwambia ukweli atanichukia, na Jumapili nitabaki mimi na ukuta. Nifanyeje?

Rosamel, Angol

Rosamel, pole. Upweke unauma, na aliyezoea kuongea na mwenzake anaweza kuleta hata nyuki nyumbani ili apate kelele. Hapo nakuelewa. Lakini uliposhika fagio kabla shemeji hajafika, hiyo haikuwa huruma tena, baba. Ulikuwa woga.

Nimemuuliza mtaalamu wa wadudu. Nyuki wa boksi wanaweza kubeba vimelea tumboni, na virusi, ingawa kwa macho unawaona wazima. Wakigusa ua wanaacha ugonjwa, wa porini akija kwenye ua lilelile anaondoka nao. Mtaalamu hawezi kuapa kwamba ni maboksi yako yaliyoua, maana mabanda ni mengi. Basi usijitwike lawama za bonde zima. Jitwike zako tu.

Leo jua likizama, wakiwa wote ndani, ziba tundu la kila boksi. Friza siku mbili, kisha moto, kama ulivyoambiwa. Halafu nenda kwa Ercilia, usingoje Jumapili. Majina nimeyabadilisha, lakini mnaomsubiri nyuki kwa mkate na chai ni nyinyi wawili tu. Ercilia akisoma ukurasa huu kabla hujafika kwake, atajijua, na hapo usiniandikie tena.

Mwambie yote, na fagio pia. Usimwahidi kwamba watarudi, hujui, wala mimi sijui. Anaweza kukufukuza, nawe utaondoka kimya. Lakini atalala akijua kwamba dada yake hakumchukia, na hilo hakuna mwingine wa kumpa ila wewe.