Jeti ya Kaka Zahoro

Majengo, Pumwani,
Nairobi.
7 Oktoba 1979

Mpendwa shemeji yangu Zahoro,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nakuuliza hali, wewe na mgongo wako, na Mama na miguu yake. Je, ile dawa ya kusugua aliyopelekewa na Lela imemfaa, au ameiweka kabatini na kurudi kwenye mafuta yake ya nazi? Sisi huku hatujambo. Baridi imetuachia, mvua za vuli bado zinatutega, na cherehani yangu hailali kwa sababu Iddi inakaribia na kila mtu amekumbuka kuwa kanzu yake imechakaa.

Barua hii isome peke yako kwanza, kabla hujamsomea Mama. Unajua sababu. Mama bado anaamini kuwa pikipiki uliyotuletea kwa treni kutoka pwani ni yangu mimi, na kila nikimwandikia namhakikishia kuwa naiendesha polepole. Mimi, shemeji, ambaye hata baiskeli ilinitupa mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali. Mwendeshaji ni Lela, na leo nataka kukusimulia alivyo huyo dada yako, maana nikikaa nayo moyoni nitapasuka.

Laiti ungemwona asubuhi. Anavaa suruali niliyomshonea ndani ya gauni la kazi, anaubana mtandio, anavaa helmeti juu yake, mkoba wa ukunga anaufunga nyuma kwa mpira, kisha anaipiga teke moja tu. Zamani wanawake wa mtaa walikuwa wakisimama milangoni ili wapate la kusema. Siku hizi wanasimama kumwombea dua, kwa kuwa karibu kila nyumba ina binti au mkaza mwana ambaye amezalishwa na Lela. Raundi yake ni bonde la Mathare, kule ambako gari la zahanati haliingii, na kazi hiyo anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Nimeshakubali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Katika barua yako ya mwisho ulisema unataka kutununulia seti nyingine ya jeti za kabureta, yenye namba kubwa kuliko ile ya kwanza. Nakuomba uzuie mkono wako hapo hapo. Sababu nitakueleza, na usikasirike kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka tulivyokuandikia kuwa pikipiki huku haina nguvu, inatoa moshi mweusi, na kwenye mpando inakohoa mpaka inazima. Ukatutumia jeti ndani ya kopo la peremende, na maelezo yako: Nairobi ni milima, mlima unataka petroli, wekeni kubwa. Nilizimwaga juu ya meza yangu ya kukatia nguo nikazitazama. Ni vipande vya shaba, vidogo kuliko kifungo cha shati, na tundu lake jembamba kama la sindano ya cherehani; namba ikipanda, tundu linapanuka na petroli inazidi. Sikuamini kuwa pikipiki nzima inanywea hapo.

Fundi wetu ni Ngigi wa Shauri Moyo, mtu wa maneno machache. Alifungua plagi, akamwonyesha Lela ilivyojaa masizi, akasema, "Sista, hii imelishwa mafuta mingi. Hewa ya huku juu ni kidogo kuliko ya pwani. Tuiwekee ndogo."

Lela akamjibu kuwa kaka yake ameagiza kubwa. Ngigi akanitazama mimi, nami nikazitazama spana zake. Shemeji yangu ameipanda pikipiki hiyo miaka na miaka, ametoka akaenda dukani akatuchagulia, halafu mimi mshona kanzu niikatae zawadi yake mbele ya dada yake? Basi ikatolewa ile 110 uliyokuwa ukiiendeshea mwenyewe, ikawekwa 115. Moshi ukazidi. Tukaweka 120, tukawa tunaisukuma. Heshima yako tumeisukuma mtaa kwa mtaa, shemeji, na dada yako hakulalamika hata siku moja. Alikuwa radhi avunjike kiuno kuliko asikike akisema kaka amekosea.

Mwezi uliopita mambo yakafika pabaya. Mama mmoja anayeitwa Wangeci, muuza sukuma wiki, alishikwa na uchungu mchana nyumbani kwake, juu karibu na Juja Road. Lela alikuwa chini mtoni. Akawasha, akaupanda mlima, na katikati ya mpando pikipiki ikazima kabisa. Aliiacha kwa mwanamke aliyekuwa akifua, akajitwika mkoba kichwani, akakimbia. Alipoingia, kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatokeza na kitovu kimemzunguka shingoni. Lela anasema alikitoa tu, hivyo hivyo, kama anavyosema amekaanga samaki. Wangeci ndiye aliyenisimulia vizuri, na aliponiambia jinsi mtoto alivyokaa kimya kisha akalia, mimi mwenyewe nililia pale barazani mbele ya wateja. Msichana mzima wa afya.

Mkuu wao, Sista Lydiah, ni mtu wa haki na hakumgombeza. Alimwambia tu kuwa bondeni hawawezi kubahatisha, na pikipiki ikikwama tena raundi hiyo atapewa mwingine, Lela abaki zahanati kupima watoto uzito. Siku hiyo Lela alirudi nyumbani akaacha chakula kikapoa.

Kesho yake alasiri alikuwa akifuta kioo cha taa kwa gazeti. Nilikuwa nimeupandisha utambi sana nikimalizia kanzu ya mtu, na kioo kilikuwa cheusi tititi. Akayatazama masizi kwenye kidole chake kwa muda, halafu akaanza kucheka peke yake. Akanieleza jinsi mlivyokuwa mkisoma kwa taa moja utotoni, wewe ukipandisha utambi ili mwanga uzidi, yeye akiushusha, mpaka kioo kinaziba kwa moshi, giza linawajaa na Mama anawachapa wote wawili. Kumbe hata ukubwani hujaacha, shemeji.

Kisha akakiweka kioo chini, akasema, "Kaka hakukosea. Aliipimia hewa ya nyumbani."

Siku zote hizo nilikuwa natafuta namna ya kuchagua kati ya shemeji na fundi, na yeye kwa maneno hayo machache hakumwangusha hata mmoja wenu. Nimekaa na mwanamke huyu miaka mingi na bado ananishangaza.

Tukarudi kwa Ngigi. Akaweka 105, moshi ukapungua lakini haukwisha. Akaweka 100, moshi ukaisha kabisa nikadhani tumefika, ila Lela alipoinyoosha Jogoo Road injini ilipata moto vibaya, na plagi ikatoka nyeupe kama imepakwa chokaa. Ngigi akaikataa, akasema sasa inakufa njaa na ikiendelea hivyo itaungua. Wapo mafundi ambao wangeichokonoa hiyo 100 kwa waya ili tundu lipanuke. Yeye alisema tundu likishachokonolewa halina namba tena, na hutajua unaendesha nini. Akapekua kabureta kuukuu mpaka akapata 102. Lela akaenda nayo na kurudi, plagi ikafunguliwa, ikawa na rangi ya mahamri yaliyoiva. Ngigi akatabasamu, jambo ambalo nilikuwa sijapata kuliona.

Ili kuijaribu sawasawa, Lela akanitaka nikae nyuma niwe mzigo. Tukaanzia mtoni, tukaupanda mlima ule ule ilikozima. Nilifumba macho nikaanza kusoma kila dua ninayoijua, na nilipoyafumbua tulikuwa Juja Road, injini ikinguruma kwa raha na dada yako akiniuliza mbona nimemkaba tumbo. Wangeci alikuwa kwenye kibanda chake na mtoto mgongoni. Alitupungia fungu zima la sukuma wiki. Raundi ya bondeni imebaki kwa Lela, na Sista Lydiah amemwongezea Dandora.

Kwa hiyo ndiyo sababu ya kukuomba usinunue. Kama umeshalipa, mwombe mwenye duka akubadilishie kwa seti ya namba za chini, umpe Ngigi zawadi, kwa maana ametupa 102 yake na hakutaka kitu. Na wenye pikipiki kutoka pwani wako wengi huku, wote wanatoa moshi.

Jambo la mwisho ndilo tamu. Lela amejifunza kubadilisha jeti mwenyewe. Amefanya mazoezi juu ya meza yangu mpaka kanzu mbili za watu zimenuka petroli na nimelazimika kuzifua. Na ile 110 yako, uliyokuwa ukiiendeshea wewe, aliiomba kwa Ngigi akaifunga kwenye pindo la leso. Nilimuuliza ya nini tena. Akasema amepata likizo ya Iddi ya mfungo tatu, na hatuji kwa treni. Tunakuja na pikipiki, yeye mbele mimi nyuma, na tukifika Mariakani atasimama kando ya barabara aitoe ya Ngigi aiweke yako, kwa sababu akishashuka kwenye hewa ya nyumbani ni yako ndiyo inayofaa.

Uliwahi kuniambia kuwa Mama alikuwa akiisikia pikipiki yako ikikata kona, anainuka kuteleka chai. Basi siku hiyo ataisikia, na sauti itakuwa ile ile. Akiinuka huku anashangaa, kwa kuwa wewe umekaa hapo hapo karibu naye, usimwambie kitu. Mwache aende mlangoni kwa miguu yake amwone anayevua helmeti.

Msalimie mkeo Mwanasiti na watoto, Ami Haji na jirani zako wote wanaoniulizia. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu, na umwambie mkwewe anaendelea kuendesha polepole; huo uongo umebakiwa na siku chache tu, niachie niumalize. Mwenyezi Mungu awalinde, awape riziki ya halali, na atukutanishe tukiwa wazima.

Wako akupendaye, shemeji yako,

Kombo

Lela amerudi kutoka kazini, ameisoma barua yote, na ameninyang'anya kalamu:

Kaka, usimsikilize Kombo, moshi haukuwa mwingi kiasi hicho. Jeti yako ninayo. Mwambie Mama asiende popote siku ya Iddi.