Jiwe Jeusi Koponi

Jumatatu, 3 Agosti 1992
Tumecheza safari tena nyuma ya duka la Mwajuma, hapa Chang'ombe. Njia nimeichora mchangani. Wasafiri ni magunzi yaliyovishwa vitambaa. Ukifika penye simba au korongo unatia mkono koponi: jiwe jeupe unapita, jeusi umekufa. Jeusi lilikuwa moja tu, hafi mtu. Mwajuma akapiga miayo. "Babu, safari gani hii? Kama kwenda kununua chumvi." Nikaongeza meusi. Si siku hizi kila kitu ruksa? Hata kufa. Usingizi ukawatoka.

Alhamisi, 6 Agosti
Chilewa amekufa. Wa mchezoni. Ila gunzi lake aliliita kwa jina lake mwenyewe, mjinga yule. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi. Msiba wa mtani hauachwi upite bure. Nikajifunika shuka lake, nikalala kama maiti, nikalia kwa sauti yake, nikadai ng'ombe zake. Gunzi nikalizika kando ya ua wa miiba. Wamecheka mpaka machozi. Chilewa naye. Kisha akaacha ghafla.

Jumamosi, 8 Agosti
Hakuja. Mkewe anasema hali chakula. Kila tonge analitema, eti lina mchanga. Nilicheka. Njiani sikucheka.

Jumapili, 9 Agosti
Meusi yote nimeyatupa mtaroni. Tumecheza bila kifo. Mwajuma kasinzia kabisa. Nikatia mkono mimi.
Jeusi.
Nimewapekua wote. Hakuna aliyelitia. Naogopa. Basi, nimesema.

Jumanne, 11 Agosti
Nimelifukua gunzi. Lina joto, kama kitu kilichotoka kwapani. Na huu upepo wa baridi! Nikalipeleka kwake Nkuhungu. Chilewa amekonda, midomo imepauka.
"Amka, maiti. Hata kaburi limekukataa."
Hakucheka. "Wewe umenizika, mtani, wewe nirudishe njiani. Ila usinipendelee. Tia na jeusi."
Nilitaka kutia meupe matupu. Macho yake yako mkononi mwangu. Nikatia jeusi moja, lile la Jumapili. Mkono wake ulikawia mno koponi.
Jeupe.
Akaomba ugali. Akala, na mlenda juu. Nimelia, mzee mzima. Akanicheka, mshenzi.

Ijumaa, 14 Agosti
Chilewa amerudi. Gunzi lake sasa linaitwa Kiatu. Jeusi ni moja, na ni marufuku gunzi kupewa jina la mtu aliye hai. Mwajuma alikufa mapema, akanuna, akavisha gunzi jingine, akaendelea.
Walipoondoka nikamwaga kopo. Jeusi halimo. Nimelikuta mfukoni mwa koti langu la mtumba. Lina joto.
Nimelirudisha koponi. Bila hilo hakuna safari.
Kisha gunzi langu, ambalo tangu siku ya kwanza lina jina langu, nimelivua jina.