Kikombe cha Marehemu Mwandishi

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwa marehemu kaka yako,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko kwenye baridi? Mara ya mwisho uliandika kwamba la kulia limekubali dawa ila la kushoto lina kiburi kama marehemu babu. Natumaini hata hilo limeshaona haya. Nakushukuru sana kwa miwani uliyompa yule nesi aniletee. Sasa natunga uzi kwenye sindano bila kuapiza.

Mimi mwili wangu mzima. Cherehani inazunguka, wateja wapo, na wale wa "nitapita kesho" wapo pia. Ningependa niishie hapo, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mzazi hafichwi jambo. Nakuandikia kwa sababu ya mdogo wangu. Naogopa, Shangazi. Naogopa tutamzika, na yeye mwenyewe anatusaidia kuchimba.

Unamjua mtoto uliyemlea. Ulipompa redio akiwa mdogo hakuuliza inaimbaje, aliuliza bisibisi iko wapi. Hajabadilika. Chumba hiki cha mbele bado tumekigawana: mimi na cherehani mlangoni, yeye na meza yake ya saa dirishani, lenzi jichoni, mgongo umepinda. Mtaani wanamwita Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Hakuoa. Nilizoea kumtania kwamba ameoa riwaya, na kwamba mawifi zangu wote wana majalada.

Riwaya zenyewe unazijua ni za nani. Ni za yule mwandishi aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya ghorofa huko mtaa wa juu, yule tuliyesomeshwa shuleni na watu wakamlilia kama baba yao. Magazeti yalisema alikufa ghafla, mzima wa afya, kalamu mkononi. Tulisoma, tukaamini, tukaendelea na maisha.

Mdogo wangu hakuendelea. Alikuwa anakusanya picha za yule bwana kutoka magazeti ya zamani, akizibandika ukutani juu ya meza yake. Mtu mwingine angetazama uso. Yeye, kwa kuwa ni fundi saa, alitazama saa. Akaniita siku moja nikiwa na pini mdomoni, akanionyesha picha za mwaka wa mwisho, moja baada ya nyingine. Saa ile ile, mkanda ule ule, lakini katika kila picha imepanda zaidi mkononi, mpaka ya mwisho inakaribia kiwiko. Akasema mtu hafi ghafla huku saa yake inaupanda mkono. Yule bwana alikuwa anakonda mwaka mzima, na hakuna aliyesema.

Nikamwambia haya, umejua, sasa tengeneza ile saa ya mwalimu mkuu, kila siku anaiulizia. Ndipo nilipokosea, nilidhani mambo yataishia pale. Alianza kufunga meza mapema na kuwatafuta watu. Alimpata aliyekuwa dereva wa yule bwana, akamkuta amekuwa kiziwi. Alimpata mpiga chapa, akaambiwa asirudi tena. Alipita mitaa yote akiuliza habari za maiti, na saa za watu walio hai zikawa zinalala kwenye droo.

Mwisho akampata mpishi wa nyumba ile. Ni mzee sasa, anaishi kwa binti yake nyuma ya gereji. Huyo alizungumza. Alisema mwaka ule wa mwisho bibi wa nyumba alikataa mtu mwingine yeyote kushika kikombe cha jioni cha bwana. Alikichemsha mwenyewe, akakipeleka mwenyewe, akakiosha mwenyewe. Na alisema hivi, mdogo wangu alinikariria neno kwa neno:

"Mimi sikufukuzwa kwa wizi. Nilifukuzwa siku nilipoonja kikombe cha bwana. Mwanzo kitamu, mwisho kichungu, na midomo ikafa ganzi."

Ungemwona alivyorudi siku ile. Macho yanawaka, hataki chakula, anazunguka chumba mpaka akaniangushia pasi. Nilidhani atakwenda polisi. Badala yake akachana nywele, akavaa shati alilovaa msiba wa baba, akaenda kubisha hodi kwa mjane, yule yule bibi wa nyumba.

Mjane alimpokea kwa mikono miwili. Siku hizi hakuna anayekwenda kumuuliza habari za mumewe, na huyu amekuja anajua kila kitabu na kila picha. Siku ya kwanza alimkalisha sebuleni. Baadaye akampandisha ghorofani, kwenye chumba cha kuandikia, akamkalisha kwenye kiti chenyewe. Na jioni moja mdogo wangu, kwa mdomo wake mwenyewe, akaomba aandaliwe kile kikombe alichokuwa akinywa marehemu.

Usidhani amerogwa. Afadhali ningekuwa na mganga wa kumlaumu. Ni kazi yake, Shangazi. Unakumbuka saa akishaitengeneza hairudishi kwa mwenyewe papo hapo? Huivaa yeye kwanza. Anasema mezani saa husema uongo, mkononi husema kweli, lazima itembee na mtu, ilale na mtu, ndipo utajua inakosea wapi. Basi ndivyo alivyoamua kufanya na maisha ya marehemu. Ameyavaa. Nilimwambia:

"Yule si saa. Na wewe, mdogo wangu, huna vipuri."

Akacheka. Akasema ataacha akishajua. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili la kwetu halisikii hata matusi, maana nayo nilimpa.

Sasa anakwenda kila jioni. Anasema ladha ni ile ile aliyoieleza mpishi, na analisema hilo kwa raha, kama mtu anayesifu mchuzi. Suruali zake nimezipunguza kiuno, nikazipunguza tena, kisha nikakataa, nikidhani akiona zinamvuka ataona aibu. Alifunga kamba. Vidole vinamtetemeka, skrubu ndogo zinamdondoka, na ninazitafuta mimi sakafuni kwa sumaku. Saa yake mwenyewe ameihamishia mfukoni kwa sababu haikai tena mkononi. Anaiona hali yake vizuri kuliko mimi. Ananieleza kila badiliko kwa furaha, leo miguu, leo macho, kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa kwa yule bwana.

Usiseme sikuhangaika. Daktari wa zahanati aliniambia nilete mgonjwa au nilete kinywaji. Mgonjwa hataki, na kikombe kinaoshwa kabla hakijapoa. Polisi wa kaunta alinisikiliza mpaka mwisho, sikatai, kisha akauliza, mtu mzima anakunywa chai kwa mjane kwa hiari yake, sasa wewe dada unataka tumkamate nani? Wenzake wakacheka. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa kama niliyekamatwa mimi.

Basi wiki iliyopita nikaenda mwenyewe. Nyumba ni safi mno, hata vitasa vinang'aa. Mjane ni mwembamba, mpole, ananukia sabuni. Alinifungulia akasema:

"Karibu, wifi."

Wifi! Nilitazama nyuma nikidhani kuna mtu mwingine. Aliniingiza ndani akanimiminia chai, nami nikasingizia vidonda vya tumbo. Akasema haidhuru, wifi, siku nyingine. Nikapanda juu. Mdogo wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi la marehemu, amevaa sweta la marehemu, na sweta lilikuwa linampwaya. Nilimshika mkono tuondoke. Akasema tu, amekaribia, nisimharibie. Nilipomvuta hakukataa wala hakuja, aliniachia mkono wake kama nguo.

Wakati wa kushuka, mjane alinisindikiza ngazini. Sikumuuliza kitu, alizungumza mwenyewe, taratibu, akiwa ameshika kishikio cha ngazi. Alisema watu wanamwonea huruma kwa ule mwaka wa mwisho, na hawajui kwamba ndio mwaka pekee mume wake alikuwa wake. Kabla ya hapo alikuwa wa wasomaji. Kisha akanifungulia mlango akanitakia njia njema.

Shangazi, nilidhani hapo ndipo mwisho wa hofu. Jana mchana alikuja hapa dukani.

Mdogo wangu alikuwa ametoka kutafuta betri. Mjane aliingia na kitambaa cheusi kizuri, kizito, akasema anataka gauni la mikono mirefu. Nikampa pole, maana mtu akileta kitambaa cha namna ile hupewa pole kwanza, na kwa mazoea nikachukua utepe nikampima kifua, kiuno, urefu. Nikamuuliza amefiwa na nani.

"Hajafa mtu, wifi. Ila safari ile nilikurupushwa, nikazika mume na gauni la kuazima. Safari hii nataka liwe tayari."

Utepe uko shingoni mwake, Shangazi. Mikono yangu iko shingoni mwake. Nilihesabu vipimo kwa sauti kwa sababu sikujua la kufanya. Na mdomo wangu, huu mdomo wa biashara, ukamuuliza wenyewe analitaka lini. Alifikiri kidogo. Akasema mwisho wa mwezi utatosha.

Mdogo wangu aliporudi nilimweleza yote. Nililia, nilimwonyesha kitambaa. Nilidhani sasa ameponywa, maana alikuwa anataka kujua, na sasa anajua, mjane mwenyewe kasema kwa kinywa chake. Alikaa kwenye stuli yake akanisikiliza. Na alifurahi. Uso ulimng'aa kama siku aliyofuzu ufundi. Akasema:

"Kwa hiyo ni kweli. Bado mwisho tu, dada. Mwisho ndio hakuna aliyeuona."

Akainuka kwa kushikilia meza, akafunga kamba ya suruali, akashika njia ya kwa mjane. Nilisimama mlangoni nikamwita kwa jina lako. Nikasema Shangazi anasema urudi. Alisimama, Shangazi. Kwa mara ya kwanza miezi yote hii alisimama, akageuka, akauliza kama umekuja. Sikuweza kudanganya, uso wangu haujui. Akaona, akaendelea na safari.

Ndiyo maana nakuomba usijibu barua hii. Njoo. Jina lako tu lilimsimamisha njiani, wewe mwenyewe utamrudisha. Yeye hakuwahi kukubishia, hata alipokuwa na haki. Ukifika usipitie kwa mtu, njoo moja kwa moja, na ukimkuta kwa mjane usinywe kitu.

Nisalimie binamu na mumewe, na umwambie mkwe huyo viatu vyake vilivyosahaulika hapa bado vinangoja miguu yake. Mpe pole jirani yako mpiga kinanda kwa ile operesheni. Yule mjukuu mng'oa vifungo mbusu kichwani kwa niaba yangu, na vifungo vyake nitavishona nikimwona.

Mungu akutangulie njiani, akupe magoti ya kupanda ngazi za nyumba ile, na akukutanishe na mwanao akiwa bado anaweza kukuamkia.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye, niliyeletewa kitambaa cha msiba wa ndugu yangu, na ndugu yangu asubuhi hii amekaa dirishani anatengeneza saa ya mwalimu mkuu,

Fundi wako wa cherehani.