Chai ya Bibi kule Mhunze

Tabu, wewe na mambo yako ya fangasi mmeniumbua leo!!

Tumeenda Mhunze kumposea Akida wangu. Imeletwa chai ya maziwa, sukari imekolea. Nikasema asanteni, situmii sukari. Maandazi nayo nikakataa, si ulisema ngano inalisha fangasi? Nikatoa chupa yangu ya mtindi na kitunguu swaumu kwenye pochi. KWENYE POCHI Tabu, mbele za watu!

Wote wakanigeukia.

Bibi wa binti akaniuliza polepole, "Mama Akida, na wewe unaogopa chai yangu?"

NA WEWE!! Mshenga akaninong'oneza: miaka ya sabini kijiji kizima kiliacha kula kwa huyu bibi, wakimwita mchawi. Na mimi nimekuja na chupa yangu!

Ningejitetea vipi? Niseme ninawashwa wapi, na wazee wa kiume wamekaa pale?

Nimekunywa vikombe viwili. Bibi kanishika mkono, hakuniachia. Posa imepokelewa.

Sasa niko nyumbani najikuna tu. Mwezi mzima nanuka vitunguu, Tabu, na hatujui hata kama ni fangasi! Kesho naenda kupimwa.