Mtu Aliyeongoza Mafunzo Shuleni Karuthiru

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Tetu, Kaunti ya Nyeri, Alhamisi tarehe 15 Mei 2025

Jina: Kabura Mathenge
Umri: Miaka 47
Kazi: Mwalimu, naibu wa mwalimu mkuu, Shule ya Msingi ya Karuthiru
Makazi: Karibu na soko la Giakanja

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja baada ya kupigiwa simu na Koplo Abdikarim Barre, anayechunguza kuporomoka kwa darasa shuleni kwetu, pamoja na habari za mtu mmoja ambaye hajulikani ni nani wala yuko wapi.

Mnamo Alhamisi tarehe 8 Mei tulikuwa tunamngoja mkufunzi kutoka ofisi ya elimu. Mwalimu mkuu, Bwana Moffat Theuri, alikuwa ametuambia kwamba mkufunzi huyo angetueleza habari za mgao mpya wa fedha na mafunzo ya walimu, kisha atusaidie kuandika mpango wa uboreshaji wa shule. Tulikuwa tumeahidiwa fedha za kujenga ghorofa juu ya jengo la Gredi ya Nne, na bila mpango huo hazingetoka. Bwana Theuri amezihangaikia fedha hizo tangu aletwe kwetu. Si kwa faida yake. Watoto wetu wa Gredi ya Kwanza wanasomea jikoni.

Siku hiyo kulikuwa na ukungu mzito. Mgeni alifika saa tatu asubuhi, peke yake, kwa miguu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu akasema, "Mimi ndiye wa mafunzo." Hakuna aliyemwuliza kitambulisho. Mimi pia sikumwuliza.

Koplo amenitaka nieleze sura yake. Nilimwona mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye koti la kijivu. Mwalimu Watiri, ambaye ndiye wa Gredi ya Nne, anasema alikuwa kijana mwenye sweta. Bwana Theuri alimwona mzee. Sote tulikaa naye meza moja tangu asubuhi hadi chakula cha mchana.

Alitufundisha vizuri. Alieleza mgao kwa lugha nyepesi kuliko mtu yeyote aliyewahi kutumwa kwetu. Kisha alimpa kila mwalimu karatasi tupu akasema, "Mtu hawezi kuboresha mahali asipopaona. Kila mtu achore shule yake." Tulicheka kidogo, tukachora. Tulipoziweka karatasi mezani, aliziangalia moja moja bila haraka. Halafu akauliza, "Gredi ya Nne wanasomea wapi?"

Hakuna aliyekuwa amechora chumba hicho. Hata Watiri, aliyekuwa ametoka humo asubuhi hiyo hiyo. Hata mimi, na nilifundisha humo miaka mingi kabla ya kuwa naibu. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimeacha nafasi nyeupe kati ya Gredi ya Tatu na ya Tano.

Watiri alianza kulia. Alisema kwamba tangu mvua zianze, watoto wake wanavuta madawati hadi ukutani na hawataki kukaa katikati ya darasa. Alisema, "Ukiwauliza, wanasema ati hapo pana wenyewe. Mimi nikadhani ni mchezo."

Mgeni alimwambia Bwana Theuri, "Watoto watoke kwanza. Fedha zitakuja baadaye."

Bwana Theuri alijibu, "Mzee, nikiandika hii chumba ni mbaya, hiyo ghorofa inapelekwa shule ingine. Niko na watoto wanasomea jikoni."

Mgeni hakubishana. Alisema tena, "Watoke kwanza." Hakusubiri chakula. Nilimsindikiza hadi kwenye ua wa shule, nikageuka kumwita Watiri aje amuage, na nilipogeuka tena palikuwa na ukungu tu.

Alasiri hiyo mwanamke mmoja alipiga simu ya ofisi. Alijitambulisha kama Ramla Sakariye, mkufunzi wetu. Alikuwa ametoka Nanyuki, gari likamharibikia njiani, na alikuwa anaomba radhi kwa kutufanya tungoje bure. Nilimwuliza, "Kwani hukutuma mtu?" Akasema, "Nitume nani, mwalimu? Niko peke yangu."

Nilimweleza Bwana Theuri. Alisema ni mkora tu, pengine mtu wa shule ingine anayetaka kutuharibia. Huenda alikuwa sahihi. Lakini usiku huo sikupata usingizi, na Ijumaa asubuhi nilihamisha Gredi ya Nne hadi ukumbi wa kanisa lililo ng'ambo ya barabara. Sikumwomba ruhusa. Aligomba mbele ya walimu. Nilimwambia, "Niandikie barua ya onyo, nitatia sahihi." Watoto walibeba madawati yao kwa furaha, wakikimbia. Sikuwahi kuwaona wakikimbilia darasani namna hiyo.

Jumatatu tarehe 12 Mei, yapata saa nne na nusu asubuhi, Bwana Theuri aliingia katika chumba hicho na simu yake ili apige picha za kutuma ofisini, kuonyesha kwamba ni kizima. Nilikuwa nimesimama nje. Nilisikia kama mtu anayeshusha pumzi. Sakafu ya katikati ilizama, ukuta wa nyuma ukaifuata, naye akaenda nayo. Pale ambapo watoto walikuwa hawataki kukaa palikuwa shimo.

Tulimwita kwa jina. Kwanza hakuitika, halafu tulimsikia akiongea chini kwa chini, pole pole, kama anayeita majina ya darasa. Wazima moto walipofika kutoka mjini walimtoa akiwa hai, amevunjika nyonga na mkono. Jambo la kwanza alilosema ni, "Msiache. Kuna mtu mwingine huko chini."

Walichimba siku hiyo na siku iliyofuata. Wazazi walichimba kwa majembe yao. Hawakumpata mtu yeyote, wala nguo, wala kiatu.

Jana nilimtembelea hospitalini. Alinishika mkono, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alisema mgeni wetu alikuwa naye katika giza lile tangu alipoanguka, amekaa kando yake, na kila alipotaka kusinzia alimwambia amtajie watoto wa Gredi ya Nne. Alipokwama, mgeni alimkumbusha jina. "Kabura," akaniambia, "tukamaliza wetu wote, yeye akaendelea. Akataja wengine. Wengi. Hao si watoto wetu."

Nilimwuliza ni majina gani. Aligeuza uso ukutani akalia, nami sikuuliza tena.

Leo asubuhi nimepokea habari kutoka ofisini kwamba fedha za jengo zimetoka, hata bila ule mpango. Kwa sababu mwaka wa fedha unaisha mwezi ujao, shimo litafukiwa Jumatatu na ujenzi uanze papo hapo. Kwa sasa mimi ndiye kaimu mwalimu mkuu, na sahihi inayotakiwa ni yangu. Sijatia. Najua watoto wa jikoni wataendelea kula moshi kwa sababu yangu, na jambo hilo linaniuma.

Lakini kabla ya kuja hapa nilipita shuleni. Nilisimama ukingoni mwa shimo. Ukungu ulikuwa umeingia ndani, na huko chini watoto walikuwa wanaitikia majina yao. Sauti zilikuwa ndogo, za adabu, moja baada ya nyingine. Gredi ya Nne walikuwa kanisani. Nilivuka barabara, nikawahesabu, wote walikuwepo.

Ninaomba shimo lisifukiwe hadi lichimbwe hadi mwisho. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nimeyasema nikiwa na akili timamu, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: K. Mathenge

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, lugha anayoielewa, akathibitisha na kutia sahihi mbele yangu. Nilimwuliza kama angependa kuondoa aya inayohusu sauti. Alikataa. Saa kumi alasiri niliandamana naye hadi shuleni, nikakaa ukingoni mwa shimo kwa muda nikisikiliza. Nimeweka utepe wa polisi na kuagiza mahali hapo pasiguswe na mtu yeyote hadi pachimbwe. Aya ya shahidi kuhusu sauti ibaki jinsi ilivyo.

Koplo Abdikarim Barre